Kipimo kupitiwa, kipimo kusingizia: Kibondo na Kasulu zijifunze nini kwa fundi umeme?

KATIKATI ya Januari 2025, Wizara ya Afya iliutangazia umma kwamba sampuli za watu waliohisiwa kuugua ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo, mkoani Kagera, zilikuwa zimepimwa na hazikuonyesha virusi vya ugonjwa huo.

Siku chache baadaye, Januari 20, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), Dk. Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kwamba vipimo zaidi vilivyofanywa katika maabara inayohamishika ya Kabaile, mkoani Kagera, na kuthibitishwa Dar es Salaam, vilikuwa vimemkuta mtu mmoja na virusi hivyo. Wengine 25 waliohisiwa walikuwa wamepimwa na kuonekana hawana.

Hadi mlipuko huo ulipotangazwa kumalizika Machi 13, 2025, watu 10 walihesabiwa kuwa wamekufa kutokana nao: wawili kwa uthibitisho wa maabara na wanane kwa kukadiriwa kutokana na dalili na mazingira ya vifo vyao.

Kwa mkazi wa nyanda za juu za Kigoma, Biharamulo si habari ya mbali. Basi linalotoka Kasulu kwenda Mwanza au Bukoba hupita Kibondo, kisha Kakonko, kisha Nyakanazi, na Nyakanazi iko ndani ya wilaya hiyo hiyo ya Biharamulo. Kinachoanzia huko kwa homa na kutapika kinaweza kufika Kibondo kabla jua halijazama.

Ni rahisi kwa msomaji kuhitimisha kwamba katika sakata lile kuna mtu aliyesema uongo: ama maabara ya kwanza, ama ya pili. Hitimisho hilo si la lazima. Kipimo cha virusi vya aina hii kikifanywa katika siku tatu za mwanzo baada ya dalili kujitokeza kinaweza kutoona kitu, kwa kuwa virusi katika damu bado ni vichache. Ndiyo maana miongozo ya kitabibu hutaka sampuli nyingine ichukuliwe baadaye kabla ya kumruhusu mgonjwa anayehisiwa. Jibu la "hapana" huihusu sampuli ile na saa ile ilipochukuliwa. Halimhusu mgonjwa kwa siku zake zote.

Jambo hili, ambalo linawatatiza wengi likisemwa kwa lugha ya udaktari, fundi wa njia za umeme analifahamu vizuri kutokana na kazi yake ya kila siku. Tena sasa nyanda za Kigoma zina sababu ya kumsikiliza fundi huyo. Kwa miaka mingi Kibondo na Kasulu zilipata umeme wa jenereta za dizeli, zikiwa nje ya Gridi ya Taifa. Mwaka 2022 umeme wa gridi uliwasili ukitokea Nyakanazi, na jenereta zikazimwa.

Umeme wa gridi hauji na taa peke yake. Huja na vifaa vinavyoilinda njia kwa kuipima muda wote: mafundi huviita rilei. Rilei husoma nguvu na mkondo wa umeme bila kupumzika, na zipo aina ambazo, waya ukiguswa na mti au ukipigwa na radi, hukadiria hata hitilafu iko umbali wa kilomita ngapi kutoka kituoni. Kisha huamuru swichi kubwa ikate, katika muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua.

Rilei inaweza kukosea kwa njia mbili. Inaweza kupitiwa, yaani hitilafu ikawapo na yenyewe isiione, transfoma ikaungua. Au inaweza kusingizia, yaani njia ikawa nzima na yenyewe ikakata, wilaya nzima ikakaa gizani bila sababu. Mhandisi anayeipanga anajua kwamba akiifanya iwe nyepesi mno wa kushtuka, itasingizia. Akiifanya iwe nzito, itapitiwa. Hakuna mpangilio unaoondoa makosa yote mawili kwa pamoja. Kuna kuchagua kosa lipi linavumilika zaidi mahali hapo.

Tena hitilafu nyingi katika nyaya zinazopita juu ni za kupita tu: radi, tawi lililopeperushwa, ndege. Kwa hiyo swichi nyingi hupangwa zikate, zisubiri kidogo, kisha zijirudishe zenyewe kuona kama hitilafu bado ipo. Huko ni kurudia kipimo. Mhandisi halioni jambo hilo kama aibu, na wala halitangazwi kwenye vyombo vya habari kwamba swichi "imejikanusha".

Undugu huu wa fundi na daktari si wa kulinganisha maneno tu. Ni wa damu, na una historia yake. Mwaka 1761 daktari wa Austria, Leopold Auenbrugger, alichapisha kitabu kidogo akieleza namna ya kugundua maji kifuani kwa kugonga kifua kwa vidole na kusikiliza mlio. Alikuwa mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, na inasimuliwa kwamba wazo hilo alilitoa katika mapipa ya baba yake, ambayo hugongwa ili kujua divai imebaki kiasi gani. Madaktari wa wakati wake hawakumjali sana.

Mfano ulio mkubwa zaidi ni ultrasaundi, mashine ambayo leo kila mama mjamzito wa mjini anaijua. Katika miaka ya 1940 mawimbi ya sauti isiyosikika kwa sikio yalikwisha kutumika viwandani kutafuta nyufa ndani ya chuma. Sauti hupelekwa ndani ya bamba. Ikikutana na ufa hurudi kama mwangwi, na muda wa kurudi kwake hueleza ufa uko kina gani. Mpaka leo reli na mabamba ya meli hupimwa hivyo.

Julai 1955, Profesa Ian Donald, daktari wa magonjwa ya wanawake wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uingereza, alikwenda katika kiwanda cha kutengeneza boila cha Babcock & Wilcox mjini Renfrew. Alibeba ndani ya magari uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa katika upasuaji. Wenye kiwanda wakampa pande la nyama ya ng'ombe la kulinganishia. Akauweka uvimbe chini ya kifaa kile kile kilichopima chuma, akaona mwangwi wa uvimbe uliojaa maji ni tofauti na wa uvimbe ulio mgumu.

Akishirikiana na mhandisi kijana, Tom Brown, na daktari mwenzake, John MacVicar, alichapisha matokeo katika jarida la The Lancet mwaka 1958. Kati ya wagonjwa wao alikuwamo mwanamke aliyekwisha kukatiwa tamaa kwa kuaminiwa kuwa ana saratani ya tumbo isiyoweza kupasuliwa. Mashine ilionyesha ni uvimbe wa maji. Ulitolewa, akapona. Tangu mwaka 2016 WHO inapendekeza kila mjamzito apimwe ultrasaundi walau mara moja kabla ya wiki ya 24, na zana hiyo ni mjukuu halali wa kifaa cha kukagulia boila.

Sisi wenyewe tunao mfano wetu, na pengine tumeuzoea mno kiasi cha kuuona kichekesho. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Panya hao walifanya kazi Msumbiji, nchi iliyotangazwa kutokuwa na mabomu hayo mwaka 2015. Panya wa aina hiyo hiyo, kwa mafunzo ya aina hiyo hiyo, hunusa makohozi na kugundua kifua kikuu katika sampuli ambazo darubini ya kliniki ilikwisha kusema hazina kitu.

Cha kujifunza hapo ni utaratibu kuliko pua. Kati ya sampuli anazonusishwa panya huchanganywa nyingine ambazo wakufunzi wanajua tayari zina ugonjwa, na ni kwa hizo tu panya hupewa zawadi. Kwa njia hiyo kila kikao cha kupima wagonjwa ni kikao cha kumpima mpimaji pia. Na panya akisema "ndiyo" juu ya sampuli mpya, mgonjwa haanzishiwi dawa kwa neno la panya. Sampuli huenda maabara kuthibitishwa.

Tukirudi Kigoma, kipimo kinachogusa watu wengi kuliko vyote ni cha malaria. Katika Utafiti wa Viashiria vya Malaria wa mwaka 2017, Kigoma ndiyo iliyoongoza nchini: asilimia 24 ya watoto walio chini ya miaka mitano waliopimwa walikuwa na vimelea, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 7.

Tangu mwaka 2010 WHO inataka kila anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo atibiwe. Kabla ya hapo homa ilikuwa malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na mara nyingi hapakuwa na wa kuthibitisha. Gharama ya mazoea hayo ilionekana katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004 na jarida la British Medical Journal, uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Kati ya wagonjwa 4,474 waliolazwa kwa malaria kali na kupimwa damu upya kwa uangalifu, waliokutwa na vimelea ni 2,062 tu, chini ya nusu.

Waliobaki walikuwa na ugonjwa mwingine ambao haukutafutwa. Miongoni mwa wenye vimelea walikufa asilimia 6.9. Miongoni mwa wasio navyo walikufa asilimia 12.1. Msomaji asome tena takwimu hizo mbili: aliyeitwa mgonjwa wa malaria bila kuwa nayo alikuwa katika hatari kubwa zaidi kuliko aliyekuwa nayo kweli.

Wengi walidhani dawa ya tatizo hilo ni kuleta vipimo. Vikaletwa. Mwaka 2007 jarida hilo hilo lilichapisha utafiti mwingine wa hapa nchini uliolinganisha kipimo cha haraka na darubini. Ilionekana kwamba hata baada ya kipimo kusema hakuna malaria, zaidi ya nusu ya wagonjwa waliandikiwa dawa ya malaria: asilimia 54 kwa waliopimwa kwa kipimo cha haraka na asilimia 51 kwa waliopimwa kwa darubini.

Mtu aliyeishi katika nyumba zetu za kupanga anaijua picha hii. Fyuzi imekatika, mpangaji anaibadilisha, inakatika tena. Badala ya kutafuta hitilafu iliko, anaunganisha kipande cha waya mahali pa fyuzi, taa zinawaka, na watu wanampongeza. Fyuzi ilikuwa ikisema kweli. Waya hausemi chochote, na ndiyo sababu unapendwa. Kumwandikia dawa mseto mtoto ambaye kipimo kimesema hana malaria ni kuunganisha waya mahali pa fyuzi. Homa yenyewe bado imo ndani ya nyumba.

Hata hivyo haitakuwa haki kumtupia lawama zote mhudumu wa zahanati. Chukulia mtoto mwenye homa katika kata kama Kumsenga, wilayani Kibondo. Kipimo kikisema hana malaria, mhudumu ana nini kingine mkononi cha kumwambia mama? Fundi ambaye fyuzi imemwambia "pana hitilafu" ana mita ya kufuatilia waya mmoja mmoja mpaka aipate. Mhudumu mwenye kipimo kimoja tu, kikishasema "si hiki", amebaki gizani, na gizani mtu hurudia njia anayoijua. Kipimo cha kukanusha kina thamani pale tu panapokuwa na hatua ya pili.

Na kipimo cha malaria chenyewe kina udhaifu wake unaopasa kujulikana. Aina inayotumika sana hutafuta protini inayotolewa na kimelea, wala si kimelea chenyewe. Protini hiyo hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Kwa hiyo mtoto aliyetibiwa mwezi uliopita anaweza kuonekana ana malaria leo wakati homa ya leo ni ya kitu kingine. Kwa upande wa pili, wamegunduliwa vimelea, Eritrea ikiwa mojawapo ya nchi zilizoathirika sana, ambavyo vimepoteza uwezo wa kutoa protini hiyo, na hivyo hupita mbele ya kipimo bila kuonekana.

Mafundi wa transfoma wamekutana na kadhia hiyo hiyo. Ndani ya transfoma mna mafuta. Cheche ikiruka humo, mafuta huvunjika na kutoa gesi, ikiwamo asetilini, ile ile inayotumiwa na wachomeleaji wa vyuma. Wahandisi huchota mafuta kidogo kama daktari anavyochota damu, wakapeleka maabara. Lakini gesi nayo hubaki ndani ya mafuta hata baada ya tatizo kwisha, kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi kuhukumu. Huchota tena baada ya muda na kuangalia kama gesi inaongezeka. Hilo huwezekana kwa sababu transfoma ina kumbukumbu: tarehe, kiasi, nani alipima. Mtoto wa Kibondo akija na homa, je, kadi yake inaonyesha alitibiwa malaria lini mara ya mwisho, na je, kuna anayeitazama?

Lipo jambo la tatu ambalo wahandisi na madaktari wote hulihesabu na sisi wananchi hatulijui. Maana ya jibu la kipimo hutegemea mahali ulipo. Tuseme, kwa mfano wa kukadiria tu, kipo kipimo kinachonasa wagonjwa 95 katika kila 100 na kuwasingizia wazima 5 katika kila 100. Ukikitumia kwa watoto 1,000 mahali ambapo asilimia 24 wana vimelea, kitawanasa 228 na kuwasingizia 38. Kati ya kila saba wanaoambiwa wanavyo, sita ni kweli.

Kipeleke kipimo hicho hicho mahali ambapo mtoto mmoja tu katika 100 ana vimelea. Kitawanasa karibu wote 10, na kuwasingizia karibu 50. Sasa kati ya kila sita wanaoambiwa wanavyo, mmoja tu ndiye anavyo. Kiwanda ni kimoja, boksi ni moja, maelekezo ni yale yale, na maana ya jibu imegeuka kabisa. Ndiyo maana ugonjwa adimu kama Marburg hauthibitishwi kwa kipimo kimoja katika maabara moja, na subira ile ya Januari 2025, iliyowaudhi baadhi ya watu, kwa sehemu ilikuwa ni hesabu hii.

Linabaki suala la mashine zenyewe, na hapa ndipo fundi na daktari hawaishii kufanana bali wanahitajiana. Ultrasaundi, eksirei, jokofu la damu na mashine ya hewa ya oksijeni vyote ni vyombo vya umeme. Umeme ukipanda na kushuka, navyo huumia. Mwaka 2011 Lora Perry na Robert Malkin wa Marekani walichapisha uchambuzi wa orodha za vifaa tiba 112,040 katika nchi zenye uwezo mdogo, wakakuta asilimia 38.3 havifanyi kazi.

Mwaka uliotangulia Malkin alikuwa amechapisha, pamoja na mwenzake, utafiti unaotia moyo kidogo: kati ya vifaa vilivyokwama katika hospitali 60 za nchi 11, takriban theluthi mbili vingeweza kurudishwa kazini na fundi mwenye stadi 107 tu za msingi. Stadi hizo si za ajabu: kutambua plagi iliyoungua, fyuzi iliyokatika, mrija ulioziba, na kumwelekeza mtumiaji namna ya kuiwasha mashine ambayo haikuharibika kabisa. Hata bila kuagiza vipuri nje, sehemu kubwa ya makaburi ya mashine tunayoyaona nyuma ya hospitali zetu yangefukuliwa.

Mashine iliyokufa angalau inajulikana imekufa. Ya kuogopwa zaidi ni ile inayowaka na kutoa majibu ilhali imepotoka: mizani ya watoto inayopunguza gramu 300, kipima joto cha jokofu la chanjo kinachoonyesha nyuzi 5 wakati ndani ni 12. Hiyo haisikiki ikilalamika. Mhandisi wa umeme haachi rilei miaka mitano akaamini bado inapima sawasawa; huipelekea umeme wa bandia wa kiasi anachokijua na kuangalia kama itakata kwa wakati. Ni mtihani ule ule wa panya wa Morogoro.

Vyuo vya kufundisha mafundi wa vifaa tiba vipo nchini, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) ni mojawapo. Kazi ni kuwafikisha wahitimu Kibondo na Kasulu na kuwaweka huko, wakiwa na mita, vipuri na usafiri wa kuzifikia zahanati.

Madiwani wa halmashauri hizo wanapoketi kupitia bajeti ya afya, huwa ni kawaida kuulizwa ni mashine ngapi zimenunuliwa. Wangeuliza pia ni ngapi zimepimwa usahihi wake ndani ya mwaka, na nani alizipima. Wamwulize mganga mkuu, bila kumtafuta mchawi, ni wagonjwa wangapi walioambiwa hawana malaria wakatoka na dawa ya malaria; vitabu vya zahanati vinaweza kulijibu hilo kwa siku moja ya kukaa na kalamu. Na kwa kuwa Nyakanazi iko njiani, waulize sampuli ya homa isiyoeleweka ikichukuliwa asubuhi Kibondo itafika katika maabara ya kuaminika saa ngapi, na kama jibu ni "hapana", nani atarudi kwa mgonjwa yule kuchukua sampuli ya pili.